Jina lililo ndani ya mabano: hadithi za santuri ndogo, kutoka Croydon hadi Nairobi

Waafrika Mashariki wengi waishio Uingereza wanaifahamu Croydon, kusini mwa London, kwa sababu ya jengo moja. Jengo hilo ni Lunar House, lenye ghorofa 20, katika barabara ya Wellesley, ambalo kwa miongo kadhaa limekuwa makao ya idara ya uhamiaji. Hapo wageni wamepanga foleni tangu alfajiri, pasi na barua mkononi, wakisubiri kuambiwa iwapo watabaki au wataondoka. Jengo lilikamilika mwaka 1970, wakati ulimwengu ungali na msisimko wa binadamu kutua mwezini. Ndiyo maana likapewa jina la mwezi, na jirani yake likaitwa Apollo House.

Kwa wakusanyaji wa santuri, hata hivyo, jina la Croydon lilikuwa na maana nyingine kabisa. Mwendo wa dakika chache kutoka kwenye foleni hiyo, katika kichochoro cha Middle Street, kulikuwa na duka la Beano's, lililojitangaza kuwa kubwa kuliko yote barani Ulaya kwa kuuza santuri zilizokwisha kutumika. Huko nako watu walisimama kwa saa nyingi, lakini kwa hiari yao, wakipekua masanduku ya sahani ndogo za muziki moja baada ya nyingine, wakisoma maandishi madogo yaliyo katikati ya kila sahani.

Ofisi ya uhamiaji na duka la muziki ni vitu viwili vinavyoonekana kutokuwa na uhusiano wowote. Lakini upo wimbo mmoja, uliozaliwa Nairobi, unaoviunganisha. Kuuelewa wimbo huo kunahitaji kwanza kuielewa sahani yenyewe.

Sahani ya inchi saba

Kabla ya Vita Vikuu vya Pili, muziki uliuzwa kwa sahani nzito zilizozunguka mara 78 kwa dakika. Zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu uliotoka zaidi India, na zilivunjika kama vigae zikianguka. Ndizo sahani za aina aliyorekodi Siti binti Saad wa Zanzibar aliposafiri hadi Bombay mwaka 1928.

Mwaka 1949 kampuni ya RCA Victor ya Marekani ilitoa sahani ya aina mpya: plastiki nyepesi ya vinili, upana wa inchi saba, mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mmoja kila upande. Uingereza iliipokea miaka mitatu baadaye, mwaka 1952. Mwaka huo huo, mwezi Novemba, gazeti la muziki la New Musical Express lilichapisha orodha ya kwanza ya nyimbo zinazouzwa zaidi nchini humo. Sahani ndogo na orodha ya wiki vikakua pamoja, na ndani ya miaka kumi vijana wa Uingereza wakawa wanautumia mshahara wao wa Ijumaa kununua wimbo waliousikia redioni Jumatatu.

Umbo la sahani liliamua umbo la wimbo. Upande mmoja ulibeba takriban dakika tatu za sauti nzuri. Ukizidisha, mifereji hubanana na sauti hufifia. Kwa hiyo mtunzi wa pop alijifunza kusema neno lake haraka na kuondoka. Tundu la katikati nalo lilikuwa na historia yake. Sahani nyingi za Kiingereza zilikuwa na kipande cha plastiki kinachoweza kung'olewa, ili zitumike katika mashine za muziki zilizowekwa katika baa na mikahawa. Mkusanyaji anayeikuta sahani isiyo na kipande hicho hutambua mara moja kwamba huenda iliwahi kuishi ndani ya mashine, ikikwaruzwa usiku baada ya usiku kwa sarafu za walevi.

Lakini sehemu muhimu kuliko zote ni ile karatasi ya mviringo iliyobandikwa katikati. Hapo huandikwa jina la kampuni, namba ya sahani, jina la wimbo na jina la mwimbaji. Na chini ya jina la wimbo, kwa herufi ndogo ambazo msikilizaji wa kawaida hazisomi, ndani ya mabano, huandikwa jina la mtunzi. Mwimbaji ndiye anayepigiwa makofi. Aliye ndani ya mabano ndiye anayestahili kulipwa kila wimbo unapouzwa au unapopigwa redioni. Hadithi nyingi za santuri, za furaha na za dhuluma, zimejificha katika mabano hayo.

Duka la Middle Street

Beano's ilianzishwa mwaka 1975 na David Lashmar. Ilianza kwa udogo, ikahama kutoka pembe moja ya mji hadi nyingine, na hatimaye ikatulia Middle Street katika jengo la ghorofa tatu lililojaa santuri kutoka sakafuni hadi darini. Jirani yake ni mtaa wa Surrey, wenye soko la matunda na mboga ambalo hati yake ya kifalme ni ya mwaka 1276. Harufu ya machungwa na kelele za wachuuzi zilikuwa sehemu ya safari ya kwenda kununua muziki.

Wateja wa duka la namna hiyo walikuwa wa aina nyingi. Wapo waliotafuta wimbo uliopigwa siku ya arusi yao. Wapo waliotaka kila sahani ya kampuni moja kwa kufuata namba, bila kukosa hata moja. Wapo waliotafuta makosa: jina lililoandikwa vibaya, rangi ya karatasi iliyobadilishwa, toleo lililorudishwa kiwandani kabla ya kuuzwa. Kwa mtazamaji wa nje haya yanaweza kuonekana kama uchu wa vitu vya kale. Hata hivyo wakusanyaji hao, bila kupewa kazi hiyo na yeyote, ndio waliotunza kumbukumbu ambazo kampuni zenyewe zilizitupa.

Mtaa wa Surrey ulikuwa pia na duka la Big Apple, lililouza muziki wa dansi wa vijana hadi lilipofungwa mwaka 2004. Vijana waliokuwa wakishinda hapo, miongoni mwao Skream na Benga, ndio waliochangia kuzaliwa kwa mtindo wa dubstep, uliotoka Croydon na kuenea duniani. Nao walianza kwa kuzisikiliza sahani, kuzilinganisha, na kuuliza nani kafanya nini.

Beano's ilifungwa mwaka 2009. Biashara ilikuwa imehamia kwenye mnada wa intaneti, na wanunuzi wengi wa muziki hawakuhitaji tena kitu cha kushika mkononi.

Wimbo wa Nairobi katika orodha ya London

Miongoni mwa sahani ambazo mkusanyaji wa pop ya Kiingereza ya miaka ya 1960 hawezi kuzikwepa ni zile za kundi la The Tremeloes, vijana wa Dagenham, mashariki mwa London. Kundi hilo limeingia katika historia kwa njia ya ajabu. Tarehe 1 Januari mwaka 1962 kampuni ya Decca ilizifanyia majaribio bendi mbili. Moja ilikuwa ya Brian Poole na The Tremeloes, nyingine ilitoka Liverpool na iliitwa The Beatles. Decca ikawachagua vijana wa Dagenham. Uamuzi huo umechekwa tangu wakati huo, lakini The Tremeloes hawakuwa kundi la kubeza: mwaka 1967, wakiwa bila Poole na chini ya kampuni ya CBS, walifika nafasi ya kwanza kwa wimbo wao Silence Is Golden.

Mwaka uliofuata, 1968, walitoa sahani yenye jina lililowashangaza Waingereza: Helule Helule. Iliingia katika orodha mwezi Mei na kupanda hadi nafasi ya 14. Maelfu ya vijana waliinunua bila kujua neno hilo limetoka wapi. Jibu lilikuwa ndani ya mabano: Kabaka.

Daudi Kabaka alizaliwa Uganda mwaka 1939, katika familia yenye asili ya magharibi ya Kenya. Alikuwa miongoni mwa nyota wa studio ya Equator Sound ya Nairobi, iliyoendeshwa na Charles Worrod, pamoja na akina Fadhili William, Gabriel Omolo, na wapiga gitaa kutoka Zambia, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Wazambia hao walikuja na mapigo ya kwela ya kusini mwa Afrika. Kabaka akayachanganya na gitaa la nyumbani na dansi ya twist iliyokuwa ikitamba duniani, na mchanganyiko huo ukaitwa twist ya Kiafrika. Helule Helule ulikuwa tayari umepigwa na kuchezwa Nairobi kabla ya The Tremeloes kuurekodi upya.

Tarehe za mwaka huo zinastahili kuangaliwa kwa makini. Mwezi Februari mwaka 1968 maelfu ya Wakenya wenye asili ya Asia, walioshikilia pasi za Uingereza, walikuwa wakikimbilia London baada ya serikali ya Kenya kubana ajira na biashara za wasio raia. Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuwazuia kwa muda wa siku tatu tu, na ikaanza kutumika tarehe 1 Machi. Mwenye pasi ya Uingereza ambaye hakuzaliwa huko, wala mzazi wake, wala babu yake, hakuwa tena na haki ya kuingia moja kwa moja. Mwezi Aprili mwanasiasa Enoch Powell alitoa hotuba yake ya kuwaonya Waingereza dhidi ya wahamiaji. Na mwezi Mei, wimbo wa Nairobi ukaingia katika nyumba za Waingereza bila kuulizwa pasi.

Lipo jambo jingine. Kati ya jamii hiyo hiyo ya Waasia iliyofungiwa mlango ndimo walimotoka wafanyabiashara wengi waliouza na kuchapisha sahani za Kiafrika. Duka la Assanand and Sons la Mombasa, kwa mfano, ndilo lililotoa santuri za Mzuri, ambazo zilihifadhi taarabu ya Mombasa ya miaka ya 1960 na 1970. Mwimbaji, muuzaji na mnunuzi walikuwa wameunganishwa na sahani moja, wakati sheria za nchi mbili zilikuwa zikiwatenganisha.

Mabano yaliyosema uongo

Kabaka alikuwa na bahati kwa jambo moja: jina lake liliandikwa. Wengine hawakuandikwa.

Solomon Linda, Mzulu aliyefanya kazi Johannesburg, alirekodi wimbo wa Mbube mwaka 1939 katika studio za Gallo. Inasemekana alilipwa shilingi kumi kwa haki zake zote. Sahani hiyo ilifika Marekani, ikamfikia Pete Seeger, na kundi lake la The Weavers likaurekodi wimbo kwa jina la Wimoweh. Ndani ya mabano liliwekwa jina la Paul Campbell, mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Lilikuwa jina la bandia la kundi lenyewe. Mwaka 1961 ukaja The Lion Sleeps Tonight wa The Tokens, na mabano yakajaa majina ya Wamarekani watatu. Waingereza nao waliununua: kwa sauti ya Karl Denver mwaka 1962 ulifika nafasi ya nne, na kwa sauti ya Tight Fit mwaka 1982 ukafika nafasi ya kwanza. Linda alifariki dunia mwaka 1962, akiwa maskini.

Haki ilikuja kwa njia isiyotarajiwa. Mawakili wa binti zake walikumbuka sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika katika makoloni yote, ambayo ilisema haki za kazi zirudi kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Mwaka 2006 familia ilifikia mapatano, na jina la Linda likaingia mahali lilipostahili kuwa tangu mwanzo.

Hadithi ya Malaika ni ngumu zaidi, kwa kuwa humo ugomvi si kati ya mwenyeji na mgeni. Fadhili William ndiye aliyeurekodi kwanza, na akaurekodi tena katika studio ya Equator mwaka 1963. Miriam Makeba aliupeleka dunia nzima, na mwaka 1965 akauimba na Harry Belafonte katika santuri ndefu iliyoshinda tuzo ya Grammy. Boney M nao waliutoa kama sahani ndogo mwaka 1981. Jina la Fadhili likawekwa kwenye mabano. Lakini Adam Salim, Mtanzania, alidai kwamba yeye ndiye aliyeutunga, mwaka 1945. Na Grant Charo wa Kenya akatoa dai lake. Nyimbo za mapenzi zilikuwa zikisafiri kwa mdomo kutoka mji hadi mji, na aliyewahi kufika kwenye kipaza sauti ndiye aliyeandikwa. Sahani haikumaliza mgogoro huo. Iliugandisha tu, kwa kuliandika jina moja na kuyaacha mengine nje.

Sehemu ya kwanza, sehemu ya pili

Katika Afrika Mashariki sahani ndogo ilikuwa na maisha marefu na tabia zake yenyewe. Rumba haikukubali kubanwa katika dakika tatu. Maneno yalihitaji nafasi, na baada ya maneno magitaa yalihitaji nafasi kubwa zaidi ili watu wacheze. Basi wimbo ukagawanywa: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa pili. Kila aliyewahi kuimiliki sahani hizo anakumbuka kile kimya cha katikati, mtu mmoja akikimbia kuigeuza sahani huku wachezaji wamesimama wakisubiri.

Nairobi ilikuwa karakana ya eneo zima. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapisha santuri. Bendi zake zilirekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya matangazo, na zilizotaka sahani zilitegemea Kenya. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alipendwa Kenya kama alivyopendwa kwao, na ni huko Kenya, karibu na Mombasa, alikofariki kwa ajali ya gari mwezi Januari mwaka 1979. Wakati huo mpaka wa nchi hizi mbili ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Sahani ziliendelea kupigwa pande zote mbili.

Mwisho wa sahani ndogo katika eneo hilo haukuletwa na intaneti kama ilivyokuwa Croydon. Uliletwa na kaseti. Sahani moja ilitosha kunakili kaseti mia, na mtunzi hakuambulia hata senti. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 biashara ya santuri Kenya ilikuwa imekwisha. Kanda za studio zilipotea, zikaoza, au zikarekodiwa juu yake mambo mengine. Kwa nyimbo nyingi, kilichobaki ni ile sahani ya inchi saba iliyonunuliwa na mtu asiyejulikana na kuwekwa chini ya kitanda.

Nani ameweka, nani amenyang'anywa

Ndiyo sababu ukusanyaji wa santuri umekuwa jambo lenye uzito kuliko burudani ya wazee. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ilitoa mkusanyo uitwao Kenya Special, wa nyimbo za Afrika Mashariki za miaka ya 1970 na 1980 ambazo nyingi zilikuwa zimepatikana kwa sahani ndogo pekee. Mfululizo wa Zanzibara wa Ufaransa, ulioanza mwaka 2005, umefanya vivyo hivyo kwa muziki wa pwani. Vijana waliozaliwa baada ya kaseti wamewasikia babu zao kwa mara ya kwanza.

Hata hivyo swali linabaki. Sahani iliyouzwa kwa shilingi chache Nairobi au Mombasa inaweza kuuzwa tena Ulaya kwa makumi ya pauni, na fedha hizo haziendi kwa mpiga gitaa. Mkusanyaji anayeichukua sahani ya mwisho ya wimbo fulani ameiokoa isipotee, na wakati huo huo ameiondoa nchini kwake. Tofauti ya mlinzi na mnyang'anyi iko katika anachofanya baadaye: kama ataificha, au kama atasoma jina lililo kwenye mabano na kumtafuta mwenyewe au watoto wake.

Daudi Kabaka na Fadhili William walifariki dunia mwaka mmoja, 2001. Fadhili alikuwa ameishi Marekani kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani. Wote wawili waliacha nyimbo zinazojulikana na watu wengi kuliko wanaojua sura zao.

Lunar House ingali imesimama Croydon, na watu wangali wakienda huko na barua zao. Beano's haipo tena, lakini sahani zake hazikuyeyuka. Zimetawanyika katika nyumba za watu na katika maduka ya misaada ya kusini mwa London, ambako Helule Helule bado huonekana kati ya nyimbo za Krismasi na santuri za watoto. Bei yake si kubwa, kwa kuwa ziliuzwa nyingi. Anayeinunua leo atasikia vijana wa Dagenham wakiimba kwa furaha. Na kabla ya kuishusha sindano, akiinamia karatasi ya katikati, atalikuta pale jina la mtu wa Nairobi, kwa herufi ndogo, mahali lilipowekwa mwaka 1968.